Barua ya Kwenda Gerezani na Msomaji Wake wa Tatu

Barua ya kawaida ina watu wawili: aandikaye na aandikiwaye. Barua ya kwenda gerezani ina watatu. Wa tatu ni yule ofisa aliyepewa kazi ya kuifungua bahasha, kuyasoma yaliyomo, na kuamua kama yapitishwe, yakatwe au yazuiwe. Jina lake halimo katika anuani, wala hasalimiwi mwanzoni wala haagwi mwishoni. Lakini ndiye asomaye kwanza. Mtu akikumbuka kuwa yupo, kila neno aliandikalo hubadilika uzito wake. Akimsahau, aweza kujitia hatarini yeye mwenyewe, au jamaa zake, au yule yule mfungwa aliyetaka kumfariji.

Jambo hili lafaa kuangaliwa na watu wa namna mbili. Mwenye ndugu au rafiki kifungoni hutaka kujua aandike nini na aache nini. Mwanafunzi wa lugha naye hupata humo mfano wa nadra wa maandishi ambayo msomaji asiyetajwa ana nguvu kuliko aliyetajwa. Makala haya yakusudia kuyaeleza mambo hayo mawili pamoja, kwa kuwa kwa hakika ni jambo moja: hifadhi ya mwandishi wa barua ya gerezani hutoka kwa sehemu kubwa katika lugha anayoichagua.

1. Siri, faragha na sitara

Kiswahili kina maneno matatu ambayo mara nyingi hutumiwa kana kwamba maana yake ni moja. La kwanza ni siri. Siri ni habari yenyewe, isiyotakiwa kujulikana na wengine. Huweza kufichwa, kuvuja, kutolewa na hata kuuzwa, kama kitu kingine chochote kilicho mali ya mtu. La pili ni faragha, ambalo kwa Kiarabu mzizi wake una maana ya utupu na nafasi. Faragha si habari, bali ni hali ya kuwa mahali pasipo watu wengine. Ndiyo maana husemwa kwamba watu wawili walizungumza kwa faragha, wala haisemwi kwamba mtu fulani aliitoa faragha ya mwenzake kama atoavyo siri. La tatu ni sitara, nalo ni kifuniko. Nguo ni sitara, ukuta wa ua ni sitara, na hata neno jema lisemwalo kwa adabu laweza kuwa sitara. Kitu kilichositiriwa si lazima kiwe hakijulikani; watu wote wajua kuwa chini ya nguo pana mwili. Kazi ya sitara ni kuilinda heshima ya mtu, siyo kuwadanganya watazamaji.

Tofauti hiyo yafaa sana katika jambo hili. Barua ya kwenda gerezani haina faragha, kwa sababu njiani yupo msomaji ambaye hawezi kuepukwa. Wala haifai kutiwa siri, kwa sababu siri iliyoandikwa humo imekwisha kutolewa kabla haijafika. Lakini sitara yaweza kupatikana. Mwandishi aweza kusema kweli, akaonyesha upendo, akatoa habari za nyumbani, na bado yeye na watu wake wasibaki wazi mbele ya mgeni. Wengi wakosao katika barua hizi hukosa kwa kuitafuta faragha mahali isipokuwapo, wakaisahau sitara iliyo karibu nao.

Neno gereza lenyewe lina historia ya kuta. Wataalamu wengi hulitoa katika Kireno, katika neno lenye maana ya kanisa, likahamia kwenye ngome na kisha kwenye nyumba ya wafungwa. Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyojengwa na Wareno tangu 1593 hata 1596, ilitumiwa na serikali ya Waingereza kuwa gereza tangu 1895 hata 1958. Watu wa pwani wasemapo kuwa kuta zina masikio, wapo waliokuwa wakiziona kuta hizo kila siku.

2. Msomaji wa tatu katika elimu ya lugha na katika sheria

Wataalamu wa lugha na jamii wamekwisha kuonyesha kuwa msemaji hasemi kwa ajili ya msikilizaji mmoja tu. Erving Goffman, katika kitabu chake cha 1981 juu ya namna za mazungumzo, aliwatenga washiriki halali wa mazungumzo na wale wasikiao bila ya kushirikishwa. Allan Bell, katika makala yake ya 1984, aliwapanga wasikilizaji kwa daraja: anayesemeshwa, anayejulikana kuwa yupo na kukubaliwa, anayejulikana kuwa yupo tu, na mwishoni mdukizi asiyejulikana. Kwa mpango huo, kadiri msikilizaji awavyo mbali ndivyo nguvu yake juu ya usemi ipunguavyo.

Barua ya gerezani huupindua mpango huo. Ofisa akaguaye barua hasemeshwi kabisa, hata hivyo ndiye aliye na nguvu ya kulifanya neno lifike au lisifike. Yeye si mdukizi, kwa sababu kuwapo kwake kwajulikana na pande zote. Wala si mshiriki, kwa sababu hajibu. Mwandishi hulazimika kuandika sentensi moja yenye kazi mbili: imwingie moyoni mwandikiwa, na isimshtue mkaguzi.

Sheria za mataifa zinakiri kuwapo kwa msomaji huyo na kujaribu kumwekea mipaka. Kanuni za Umoja wa Mataifa juu ya wafungwa, zilizotungwa 1955 na kusahihishwa hadi kufikia sura yake ya sasa mwaka 2015 chini ya jina la Nelson Mandela, zinataka mfungwa aruhusiwe kuwasiliana na jamaa na rafiki zake kwa barua na kwa kutembelewa, chini ya uangalizi unaohitajika. Barua baina ya mfungwa na wakili wake zimewekwa kando: hizo hazifai kuzuiwa wala kuchujwa. Katika Ulaya, Mahakama ya Haki za Binadamu iliihukumu Uingereza katika kesi ya Golder ya 1975, ya Silver na wenzake ya 1983, na ya Campbell ya 1992. Zote zilihusu barua za wafungwa, na ya mwisho ilihusu hasa barua za wakili.

Kwa jambo linaloelezwa hapa, hukumu yenye maana zaidi ni ile ya Mahakama Kuu ya Marekani katika kesi ya Procunier na Martinez ya 1974. Mahakama ilisema kuwa barua inapochujwa, anayeguswa si mfungwa peke yake. Yuko na mtu wa nje, ambaye hakuhukumiwa kwa kosa lolote, na haki yake ya kuandika na kuandikiwa imeguswa vile vile. Mwaka 1989, katika kesi nyingine, mahakama hiyo hiyo iliupunguza ulinzi huo, ikaurudisha kwenye barua zitokazo gerezani. Zile ziingiazo zikawekewa kipimo kilicholegea zaidi. Huku Afrika ya Mashariki, Katiba ya Tanzania katika ibara ya 16 na Katiba ya Kenya ya 2010 katika ibara ya 31 zimeyataja mawasiliano ya mtu kuwa ni miongoni mwa mambo yanayostahili hifadhi.

Lakini haki iliyoandikwa katika katiba haiigeuzi bahasha iliyokwisha kufunguliwa. Mwandishi afanya vyema kuijua sheria, na afanya vyema zaidi kuandika kana kwamba kila neno litasomwa.

3. Wembe wa Robben Island

Mfano unaojulikana sana ni ule wa kisiwa cha Robben, Afrika ya Kusini, ambako Nelson Mandela alifungwa tangu 1964 hata 1982, kabla ya kuhamishiwa Pollsmoor na baadaye Victor Verster hata alipofunguliwa tarehe 11 Februari 1990. Wafungwa wa siasa walipofika waliwekwa katika daraja la chini kabisa. Waliruhusiwa kuandika na kupokea barua moja tu kwa kila miezi sita, isiyopita maneno 500, tena kwa jamaa wa karibu peke yao.

Mandela amesimulia katika kitabu cha maisha yake jinsi barua zilivyochujwa. Hapo kwanza wakaguzi walifuta kwa wino maneno wasiyoyataka. Walipogundua kuwa wafungwa waweza kuuosha wino wakayasoma yaliyo chini yake, wakaanza kutumia wembe na kuvikata vifungu vizima. Na kwa kuwa barua nyingi ziliandikwa pande zote mbili za karatasi, neno lisilotakiwa la upande mmoja liliondoka pamoja na neno lisilo na hatia la upande wa pili. Barua ilimfikia mwenyewe ikiwa matambara.

Jambo hilo lina funzo ambalo mwandishi wa barua yafaa alishike. Sentensi moja ya kutojali haipotei peke yake. Huenda na jirani yake. Mtu atiaye habari za siasa katika barua yenye habari za ugonjwa wa mama, ameziweka habari za mama chini ya wembe.

Funzo la pili ni juu ya majina. Katika barua zake Mandela alimwita mkewe kwa majina ya nyumbani kama vile Zami na Mhlope, na mara nyingine alitumia majina ya ukoo na ya jando kwa jamaa zake. Haifai kudhani kuwa majina hayo yalikuwa kificho. Yalikuwa ni mapenzi na heshima, kama desturi yao ilivyo. Lakini yaonyesha jinsi jina la nyumbani liwezavyo kumleta mtu karibu bila ya kuandika lile jina lililomo katika daftari za serikali. Sitara na mapenzi vyaweza kukaa katika neno moja.

Funzo la tatu ni juu ya nakala. Mandela aliziandika nakala za barua zake katika madaftari yenye jalada gumu, kwa kuwa hakuwa na hakika kuwa barua zenyewe zitafika. Madaftari mawili yalichukuliwa na wakuu wa gereza, na hayakumrudia ila 2004, yalipoletwa na mtu aliyekuwa zamani polisi wa usalama. Mwaka 2018 kilitolewa kitabu kikubwa cha barua zake za gerezani, chenye barua 255. Barua aliyoandikiwa mke au mtoto sasa yasomwa na walimwengu. Msomaji wa tatu, basi, si yule ofisa wa siku ile tu. Huweza kuwa mtu ambaye siku ile hajazaliwa.

4. Barua iliyomdhuru mfungwa

Mara nyingi hudhaniwa kuwa hatari ya barua humwelekea mwandishi aliye nje. Kisa cha Antonio Gramsci chaonyesha upande wa pili. Gramsci, aliyesomea elimu ya lugha katika Chuo Kikuu cha Turin kabla ya kuingia katika siasa, alikamatwa na serikali ya Mussolini mwaka 1926. Mwanzoni mwa 1928, alipokuwa mahabusi huko Milan akingoja kuhukumiwa, aliletewa barua na Ruggero Grieco, mwenzake wa chama aliyekuwa nje ya nchi. Barua hiyo ilizungumza habari za chama kwa namna iliyomwonyesha Gramsci kuwa ni kiongozi mkubwa. Kwa maelezo ya Gramsci mwenyewe, hakimu mchunguzi alimwambia kuwa ana rafiki watakao akae gerezani muda mrefu. Mwezi wa Juni mwaka ule ule alihukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka ishirini.

Wanazuoni wamebishana sana kama barua ile ilikuwa uzembe au ilikuwa na nia mbaya, na kama kweli iliongeza adhabu. Kwa makala haya yatosha kujua kuwa Gramsci aliendelea kuumizwa nayo kwa miaka mingi. Mfungwa hawezi kuizuia barua asiandikiwe, wala hawezi kuisahihisha. Mwandishi ana kalamu. Mfungwa ana matokeo yake.

Kisa hicho kina sehemu ya pili. Barua nyingi za Gramsci alimwandikia Tatiana Schucht, dada wa mkewe. Tatiana alizinakili na kumpelekea Piero Sraffa, mtaalamu wa uchumi aliyekuwa Cambridge, naye akazifikisha kwa viongozi wa chama. Alifanya hivyo kwa nia njema, ili mfungwa asisahauliwe. Hata hivyo chaonyesha kuwa barua itokayo gerezani huweza kuwa na wasomaji wa tatu katika ncha zote mbili za safari yake.

5. Viungo vya barua ya Kiswahili

Barua ya Kiswahili ina viungo vyake vinavyojulikana: anuani, salamu, kuulizana hali, habari, salamu za watu wengine, na kuagana. Kila kiungo kina hatari yake na sitara yake.

Anuani. Katika nchi zetu barua kwa kawaida haifiki mlangoni, bali huwekwa katika sanduku la posta. Desturi hiyo humpa mwandishi hifadhi ambayo wenzake wa Ulaya na Marekani hulazimika kuitafuta kwa makusudi. Nambari ya S.L.P. haisemi mtu analala wapi. Lakini wengi huiharibu hifadhi hiyo kwa kuongeza jina la mtaa na nambari ya nyumba pasipo haja. Aandikiaye mfungwa asiyemjua vizuri yafaa atumie sanduku la posta, au sanduku la taasisi au la jamaa aliyekubali, kwa maneno ya “kwa kupitia.” Tena akumbuke kuwa muhuri wa posta nao husema: hutaja mji na siku. Magereza mengi hukataa barua isiyo na jina wala anuani ya mpelekaji. Kwa hiyo kuacha nafasi hiyo tupu si ulinzi, wala si halali kuandika jina la uongo mahali ambapo kanuni zinataka jina la kweli. Kinachotakiwa ni kutoa kile kinachohitajika, wala si zaidi.

Salamu. Bronislaw Malinowski, mwaka 1923, alieleza juu ya maneno ambayo kazi yake si kutoa habari bali ni kuunganisha watu. Salamu ndefu za Kiswahili, za kuulizana hali na kujibiwa kuwa ni njema, zimewahi kudharauliwa na wageni kuwa ni maneno matupu. Katika barua ya gerezani, utupu huo ndio thamani yake. Salamu hazina jambo la kukatwa. Huweza kupita mlango wowote, na kumwambia mfungwa lile analohitaji kuliko yote: kwamba bado yuko mtu amkumbukaye. Haifai kuzifupisha.

Majina. Hapa Kiswahili kina hila ya asili ambayo yaweza kusaidia na yaweza kudhuru. Kumwita mwanamke Mama Fatuma huficha jina lake, lakini hulitoa jina la mtoto. Mwandishi aweza kudhani kuwa amejisitiri kwa kutia saini “Baba Juma,” kumbe amemtoa Juma. Maneno ya udugu ni salama zaidi: shangazi, mjomba, shemeji, somo, wifi. Maana yake hutegemea nani anasema na nani anasemeshwa; asiyeijua nasaba hawezi kumjua anayetajwa. Neno ndugu lina sitara kubwa kuliko yote, kwa kuwa laweza kuwa mwanamume au mwanamke, wa tumbo moja au wa mbali. Sarufi nayo husaidia: katika “alikuja jana akauliza habari zako,” kiambishi a- hakisemi kama aliyekuja ni mwanamume au mwanamke. Katika Kiarabu au Kiingereza mwandishi hawezi kulisitiri jambo hilo kwa wepesi hivyo.

Habari. Yafaa kulinganisha vifungu viwili. Cha kwanza: “Mama Fatuma yu mzima, sasa afanya kazi katika benki ile ya sokoni, hurudi saa kumi na moja, na Fatuma ameingia darasa la tatu katika shule iliyo karibu na msikiti.” Cha pili: “Shemeji yako yu mzima, na kazi aliyokuwa akiitafuta ameipata, na mtoto amepanda darasa, tena asoma kwa bidii.” Furaha ya vifungu hivyo ni moja, na mfungwa atafurahi kwa kila kimoja. Lakini cha kwanza kimetoa jina la mtoto, kazi ya mama, mahali pake, saa ya kurudi, na njia ya shule. Hakuna hata moja katika hayo lililokuwa siri. Yakiwekwa pamoja yamekuwa ramani.

Salamu za watu wengine. Maneno ya “akusalimu sana fulani na fulani na fulani” ni uzuri wa barua zetu. Lakini kila jina humwingiza mtu katika barua ambayo hakuiandika, na pengine hakuulizwa. Kwa barua ya kwenda gerezani ni adabu kumwomba ruhusa mtu kabla ya kulitaja jina lake. Asipopatikana, “wote wa nyumbani wakusalimu” hutosha.

Picha. Picha haina sarufi ya kuficha. Nyuma ya uso wa mtoto huonekana mlango, nambari ya nyumba, sare ya shule, bango la duka. Mtu achague picha iliyopigwa mbele ya ukuta mtupu, wala asiandike majina nyuma yake.

Mambo hayo yamezidi kuwa na uzito katika zama hizi. Katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, kuanzia Septemba 2018 barua za wafungwa, isipokuwa zile za mawakili, zilianza kupelekwa kwa kampuni iliyoko jimbo la Florida, zikapigwa picha kwa mashine, na mfungwa akapewa nakala. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuzuia dawa za kulevya zinazolowekwa katika karatasi. Majimbo mengine yalifuata njia kama hiyo. Karatasi iliyosomwa na ofisa mmoja ilikuwa ikisahauliwa. Nakala iliyohifadhiwa katika kompyuta hutafutwa kwa jina, na haisahau.

6. Fumbo na mpaka wake

Msomaji wa Kiswahili atauliza: kwa nini mtu asitumie fumbo, naye amerithi lugha yenye hazina kubwa ya mafumbo? Jibu lahitaji uangalifu.

Fumbo la mshairi na kificho cha barua si kitu kimoja. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alikamatwa mwishoni mwa 1968 kwa sababu ya waraka wake ulioitwa “Kenya: Twendapi?”, akakaa kifungoni hata 1972. Alitunga mashairi humo ndani, akiyaandika kwa siri katika karatasi za chooni, nayo yakatolewa 1973 katika diwani ya Sauti ya Dhiki, iliyopata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka uliofuata. Katika shairi lake la “Mamba,” mnyama wa mtoni amechukua nafasi ya mwenye nguvu. Fumbo hilo halikutungwa ili lisieleweke. Lilitungwa ili lieleweke na wengi, bila ya kutaja jina. Ni sitara, wala si siri.

Kificho cha barua ni kinyume chake. Hutungwa ili mtu mmoja tu akielewe, na mwingine adanganyike. Mkaguzi akikihisi, hata kama amekosea, huizuia barua yote. Na aadhibiwaye ni yule aliye karibu na mkono wake. Kuna vitambulishi katika lugha vinavyoamsha shaka hiyo bila ya mwandishi kukusudia. Kionyeshi cha mbali, kitumiwapo kwa jambo ambalo wawili walijua zamani, ni kimoja. “Lile jambo letu liko vile vile” ni sentensi ya upole kwa rafiki, lakini kwa mkaguzi ni mlango uliofungwa. Huenda jambo lenyewe ni deni la shilingi chache. Kanuni iliyo bora ni hii: jambo lisilo na madhara litajwe wazi kwa jina lake, na jambo lisiloweza kutajwa lisiandikwe kabisa. Baina ya hayo mawili, nusu ya kutaja ndiyo yenye hatari.

Hukumu hiyo yahusu pia lugha ya barua. Mtu aandikaye kwa lahaja ya ndani sana, au kwa lugha ambayo mkaguzi haijui, asidhani kuwa ameipata faragha. Barua ya namna hiyo hungoja mfasiri, na kungoja kwaweza kuchukua wiki nyingi. Naye mfasiri ni msomaji wa nne. Lililo la kisheria hasa, yaani habari za kesi, ushahidi na rufani, lipitie kwa wakili, ambako sheria imeweka njia yake.

7. Kiasi cha kujisitiri

Baada ya kusema hayo yote, yabaki kusemwa lile lililo gumu zaidi. Wahenga walisema kuwa mficha uchi hazai. Barua iliyositiriwa mpaka haina mtu ndani yake haimfariji mfungwa. Akipokea karatasi isiyo na jina la mtoto, wala kazi, wala mahali, wala saini inayojulikana, atajiuliza kama anaandikiwa na ndugu au na ofisi. Yeye naye ni mtu aliyepoteza faragha yote: barua yake husomwa, chumba chake hupekuliwa, na mara nyingi asiyejua kusoma husomewa na mfungwa mwenzake. Kumdai aeleze mambo yake yote, ilhali mwandishi hafunui hata moja, ni kumvua nguo kwa mara ya pili.

Kwa hiyo kipimo cha sitara si kimoja kwa watu wote. Aandikiaye mtu asiyemjua, kwa ajili ya hisani au ya utafiti, yafaa aanze na machache: jina moja, sanduku la posta, mambo ya vitabu, ya hali ya hewa na ya mpira, kisha azidishe kadiri imani inavyokua. Mke amwandikiaye mume hana haja ya kujificha jina. Haja yake ni kuwalinda watoto na majirani. Mtafiti akusanyaye barua za wafungwa ana wajibu mkubwa kuliko wote, kwa sababu yeye ni msomaji wa tatu aliyejialika mwenyewe. Afute majina na mahali kabla ya kuchapisha, hata pale ambapo mwenye barua amekufa, maana waliotajwa humo huenda wangali hai.

Siri ya mtungi aijuaye ni kata, kwa kuwa ndiyo iingiayo ndani yake. Barua ndiyo kata iingiayo gerezani na kutoka. Huchota kidogo, na mikono mingi huishika njiani. Mwandishi mwema hatii humo asichotaka kionwe, wala hairudishi tupu. Hujaza maji, akayafunika, akayapeleka.